Doa Chini ya Gari: Namna ya Kutambua Uvujaji na Kuurekebisha Kabla ya Safari



Somo letu la toleo hili linahusu jambo dogo ambalo wengi wetu hulipita kila asubuhi bila kuligeukia: doa la majimaji linalobaki chini, mahali gari lilipolala. Nimelichagua kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na ni haki nilieleze kosa hilo kabla ya kumfundisha mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya kuhamishiwa ofisi ya uhusiano, nilikuwa askari wa usalama barabarani katika miteremko ya Mlima Elgon, kwenye barabara itokayo Mbale kupanda Sipi hadi Kapchorwa. Asubuhi moja nilikuta basi dogo la abiria 14, hizi tunazoziita kamunye, likijaza watu wa kushuka Mbale. Karibu na gurudumu la nyuma la kushoto palikuwa na doa lenye ukubwa wa kiganja. Nikamuuliza konda. Akajibu, "Ni maji tu, afande. Tumetoka kuliosha gari." Nikaridhika. Nikakagua leseni, nikahesabu abiria, nikawatakia safari njema.

Saa moja haikutimia. Kwenye kona zilizo chini ya Sipi breki zilishindwa. Dereva aliliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima, upande usio na bonde, na kwa uamuzi huo aliokoa roho za wote waliokuwamo. Hakuna aliyefariki. Lakini mama mmoja aliyekuwa akipeleka vitunguu sokoni alivunjika mguu, na tangu siku hiyo hatembei bila fimbo.

Mchana wake mkaguzi wa magari, mzee aliyebakiwa na miezi michache kustaafu, aliniomba nimpeleke mahali gari lilipokuwa limeegeshwa. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, na doa lilikuwa palepale. Mzee aliinama, akaligusa, akanusa, kisha akaninyooshea kidole chake kilichong'aa. "Kijana wangu," aliniuliza, "maji gani haya yasiyokauka?"

Uchunguzi ulionyesha kuwa mpira wa ndani wa silinda ndogo ya gurudumu lile ulikuwa umechanika. Dereva alieleza kwamba kwa muda wa wiki nzima alikuwa akiongeza mafuta ya breki kila alfajiri. Hakujiuliza hata siku moja yale ya jana yalikwenda wapi. Tangu hapo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo kiini cha somo hili: kimiminika unachokiongeza mara kwa mara kimekwenda mahali fulani, patafute mahali hapo kabla gari halijaondoka.

VIMIMINIKA VILIVYOMO NDANI YA GARI

Gari la kawaida hubeba vimiminika visivyopungua sita, na kila kimoja kina kazi na makazi yake. Oili ya injini hulainisha vyuma vinavyosuguana na hukaa ndani ya sampu, chini ya injini. Maji ya rejeta, ambayo yafaa yachanganywe na dawa yenye rangi iitwayo kulanti, huondoa joto la injini. Mafuta ya breki hupeleka nguvu ya mguu wa dereva hadi kwenye magurudumu. Katika magari mengi mafuta ya aina hiyohiyo huendesha pia klachi. Mafuta ya giaboksi na ya difu hulainisha meno ya gia. Magari yenye usukani mwepesi wa pampu yana mafuta ya usukani. Mwisho ni petroli au dizeli, iliyo kwenye tangi na ndani ya mirija inayopita chini ya gari hadi kwenye injini.

Vimiminika hivi vimezuiwa visitoke kwa vitu vyepesi tu: gasketi, sili, mipira, kilipu na washa. Vitu hivyo huzeeka kwa joto, kwa mtikisiko na kwa umri. Mengi ya magari tunayoyatumia yalifika nchini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo kwa miaka mingi. Uvujaji, basi, utakuja siku moja katika gari lolote. Dereva mwema ni yule anayeuona ungali mdogo.

JARIBIO LA BOKSI

Ardhi yenye vumbi, nyasi au madoa ya zamani hudanganya. Kwa hiyo tumia kadibodi. Boksi kubwa la dukani lililofunguliwa linatosha. Fuata hatua hizi:

1. Jioni, injini ikiwa bado na joto, egesha gari mahali tambarare na uvute breki ya mkono.

2. Tandika kadibodi chini kuanzia bampa la mbele hadi la nyuma, zikiwa mbili au tatu ikibidi, na uzigandamize kwa mawe ili upepo usizihamishe.

3. Andika juu ya kadibodi neno "mbele" na "nyuma", kisha chora alama mahali kila gurudumu lilipo.

4. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, zitoe na uzitazame kwenye mwanga wa kutosha. Zungushia kila doa kwa kalamu na uandike tarehe.

5. Zirudishe, washa injini ukiwa umehakikisha gia iko huru na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, na uiache ingurume kwa dakika kumi. Uko uvujaji unaotokea tu pampu zinapofanya kazi na shinikizo linapopanda. Huo hauonekani gari likiwa limelala.

6. Rudia usiku wa pili. Linganisha madoa. Tone moja lililobaki tone moja ni jambo la kufuatiliwa. Tone lililokuwa sahani ya chai usiku wa pili ni jambo la kupelekwa gereji siku hiyohiyo.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata kama ni kwa kuchungulia tu. Jeki huteleza. Tumia stendi za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini.

KULIHOJI DOA

Askari mpelelezi anapofika mahali pa tukio hujiuliza maswali yaleyale kila mara. Doa nalo lihojiwe vivyo hivyo: Liko wapi chini ya gari? Lina rangi gani? Lina harufu gani? Likiguswa likoje? Na lini hutokea, gari likiwa limelala au likiwa linanguruma? Usitosheke na jibu moja. Mimi siku ile nilitosheka na jibu la konda, wala sikuinama.

Jaribio jingine rahisi ni la glasi ya maji. Chovya kipande cha karatasi kwenye doa, kisha kikamulie ndani ya glasi ya maji safi. Oili ya injini, mafuta ya giaboksi na ya difu huelea juu. Mafuta ya breki ya kawaida na dawa ya rejeta huchanganyika na maji yakapotea. Usionje kamwe kimiminika chochote cha gari. Dawa nyingi za rejeta zina ladha tamu lakini ni sumu kali, na kwa sababu ya utamu huo watoto na mbwa huzilamba. Doa la namna hiyo likiwa uani, lifunike mchanga, uzoe mchanga huo na kuosha mahali pale kwa maji mengi.

Sasa tuyachukue madoa moja baada ya jingine.

Maji matupu. Yakiwa hayana rangi wala harufu, yako upande wa mbele chini ya sehemu ya abiria, na gari lilikuwa linatumia kiyoyozi, usiwe na hofu. Hewa inapopozwa huacha unyevu, na unyevu huo hutolewa kwa mpira mdogo hadi chini. Matone yatokayo kwenye ekzosi asubuhi ya baridi nayo ni ya kawaida. Ishara kubwa ya maji ni hii: hukauka.

Oili ya injini. Ikiwa mpya ina rangi ya asali. Ikitumika huwa kahawia hadi nyeusi. Huteleza kati ya vidole na hukaa chini ya injini. Mara nyingi hutoka kwenye boliti ya kumwagia oili ambayo washa yake imechakaa, kwenye filta isiyokaa vizuri, kwenye gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, au kwenye sili za mbele na nyuma za shafti kuu. Ikiwa uvujaji ulianza mara baada ya kubadilisha oili, anza na boliti na filta. Hutokea gasketi ya filta ya zamani ikabaki imenata kwenye injini, ile mpya ikafungwa juu yake. Mbili hizo haziwezi kuzuia oili.

Maji ya rejeta. Yenye dawa huwa ya kijani, buluu, nyekundu au waridi, yana harufu tamu na hunata kidogo. Hutoka chini ya rejeta, kwenye mipira na kilipu zake, au kwenye pampu ya maji. Dereva anayetumia maji ya bomba matupu hataona rangi hiyo. Ataona maji yenye kutu, na chokaa nyeupe au alama za kahawia kwenye viungo. Pampu nyingi za maji zina kitundu kidogo upande wa chini. Kitundu hicho kikidondosha maji, sili ya ndani imekwisha. Kisizibwe, pampu ibadilishwe. Ikiwa maji yanapungua lakini chini hakuna doa, tazama oili kwenye kijiti chake na kwenye kifuniko cha kujazia. Ikifanana na chai ya maziwa, au ekzosi ikitoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa na joto, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeharibika na maji yanavujia ndani.

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki na ya usukani. Kwa magari mengi ni mekundu yakiwa mapya, na hugeuka kahawia yakizeeka. Yakiwa katikati ya gari, shuku giaboksi. Yakiwa mbele pembeni, karibu na pampu au mirija ya usukani, shuku usukani, hasa ikiwa unasikia mlio unapokata kona. Yakinuka kuungua, giaboksi imepata joto kupita kiasi.

Mafuta ya difu na ya giaboksi ya kawaida. Ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti. Hutoka katikati ya ekseli au, sili ya ekseli ikiisha, hufika hadi kwenye ngoma ya breki na kulowesha viatu vyake. Hapo breki hudhoofika ijapokuwa mafuta ya breki yenyewe hayajapungua.

Petroli na dizeli. Petroli hujitangaza kwa harufu, na hukauka upesi kiasi kwamba doa huweza lisionekane. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuweza kulipuliwa na cheche iliyo mbali na gari. Ukisikia harufu hiyo usiwashe injini, usivute sigara, usiwashe kiberiti ili kuchungulia. Waondoe watu, lisukume gari mahali pa wazi ikiwezekana bila hatari, na umwite fundi. Dizeli huacha doa la mafuta linalobaki, nayo ikimwagika barabarani huigeuza lami kuwa utelezi kwa pikipiki.

Mafuta ya breki. Nimeyaacha mwisho ili yakae akilini. Yakiwa mapya hayana rangi au ni ya manjano hafifu. Yakizeeka huwa kahawia. Ni mepesi, huteleza, na rangi ya gari yakiiangukia huivimbisha na kuibambua. Yatafute upande wa ndani wa magurudumu, kando ya mirija ya chuma ipitayo chini, chini ya silinda kuu iliyo ndani ya boneti, na kwenye zulia chini ya pedali. Kwa gurudumu lenye breki ya ngoma, mafuta hujikusanya kwanza ndani ya ngoma, kisha hushuka kwenye ukuta wa ndani wa tairi. Ndiyo maana mtu aliyesimama pembeni haoni kitu mpaka ainame.

KWA NINI BREKI HUSHINDWA GHAFLA

Watu huniuliza: ikiwa mafuta yalikuwa yakivuja wiki nzima, mbona breki zilifanya kazi mpaka siku ile? Jibu ni muhimu, kwa kuwa ndilo linalowahadaa madereva.

Magari ya siku hizi yana mfumo wa breki uliogawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ikipoteza mafuta, nyingine hubaki. Kwenye barabara tambarare dereva huhisi tu kwamba pedali imeshuka zaidi na gari linachelewa kusimama; huzoea, akaendelea. Akifika kwenye mteremko mrefu akiwa na mzigo, nusu ya breki inafanya kazi ya breki zote. Joto hupanda. Mafuta ya breki, ambayo kwa maumbile yake hunyonya unyevu wa hewa, huchemka mapema yakiwa ya zamani: yale ya daraja la DOT 4, yanayostahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, kiwango chake yakishanyonya unyevu ni nyuzi 155. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubanwa. Pedali huzama bila kusukuma chochote. Hivyo ndivyo uvujaji wa gurudumu moja ulivyoondoa breki za magurudumu manne pale chini ya Sipi.

Kila asubuhi, basi, fanya kipimo hiki cha nusu dakika. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie huku ukihesabu polepole hadi thelathini. Pedali ikizama polepole, kuna uvujaji wa nje, au silinda kuu inapitisha mafuta kwa ndani. Usiondoke. Tazama pia chombo cha mafuta ya breki: kiwango hushuka taratibu kadiri pedi zinavyolika, lakini kikishuka kwa siku chache, au taa nyekundu ya breki ikiwaka breki ya mkono ikiwa imeshushwa, mafuta yanakwenda mahali.

KUFUATA DOA HADI CHANZO CHAKE

Mahali doa lilipo si lazima pawe mahali pa uvujaji. Mafuta hutiririka kufuata chuma, na upepo wa safari huyasukuma kurudi nyuma. Tafuta juu ya doa na mbele yake. Mahali palipo juu kabisa penye unyevu ndipo penye uwezekano mkubwa wa kuwa chanzo.

Injini iliyojaa matope na oili ya miaka mitano haitakuambia lolote. Ioshe kwanza ikiwa imepoa, kwa dawa ya kuondoa grisi, ukifunika alteneta na nyaya za umeme kwa plastiki. Ikikauka, nyunyiza unga mwepesi kama poda ya watoto kwenye maeneo unayoshuku, endesha gari mwendo mfupi, kisha utazame kwa tochi. Unga ulioloa utakuonyesha mchirizi na mahali unapoanzia.

MAREKEBISHO: YAPI NI YAKO, YAPI NI YA FUNDI

Mwenye gari aliye mwangalifu na mwenye spana anaweza kufanya haya mwenyewe, injini ikiwa imepoa:

Kilipu ya mpira wa rejeta iliyolegea inaweza kukazwa. Mpira wenyewe ukiwa na nyufa au umevimba, ubadilishwe. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo na joto lake huzidi nyuzi 100. Yakifunguliwa huruka usoni.

Washa ya boliti ya sampu ibadilishwe kila oili inapomwagwa, na boliti ikazwe kwa kiasi. Sampu nyingi ni za alumini, na anayekaza kwa nguvu zake zote huharibu njia za boliti na kuongeza uvujaji.

Filta ya oili hufungwa kwa mkono. Paka gasketi yake oili safi, hakikisha ile ya zamani imetoka, zungusha mpaka iguse, kisha ongeza takriban robo tatu za mzunguko, isipokuwa kama maelezo ya filta yenyewe yanasema vingine.

Kazi za breki, mirija ya mafuta ya kuendeshea, giaboksi na sili za shafti ni za fundi anayezifahamu. Hata hivyo mwenye gari ana haki ya kujua kilichofanyika. Silinda ya gurudumu au mrija ukibadilishwa, hewa iliyoingia lazima itolewe, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Viatu vya breki vilivyoloa mafuta navyo vibadilishwe. Kuvifuta kwa kitambaa hakutoshi. Omba uonyeshwe kipuri cha zamani. Kabla ya kulipa, rudia kipimo cha pedali, na usiku huo utandike kadibodi tena.

Yapo pia yanayoitwa matengenezo ambayo ni mitego. Nayataja waziwazi kwa sababu nimeyakuta katika magari yaliyobeba watu:

Kuukunja au kuuziba mrija wa breki wa gurudumu moja ili mafuta yasitoke. Gari hilo likifunga breki kwa nguvu huvutwa upande mmoja, na breki zilizobaki huelemewa.

Kujaza maji ya sabuni, oili ya injini au mafuta ya kupikia mahali pa mafuta ya breki. Maji huchemka na kuleta kutu; oili huvimbisha mipira yote ya mfumo mzima, na gharama yake huwa kubwa kuliko silinda iliyokuwa ikivuja.

Kuziba tundu la tangi la petroli kwa kipande cha sabuni na kukiacha miezi. Sabuni inaweza kukufikisha gereji iliyo karibu. Haiwezi kuwa sehemu ya gari.

Kutia yai au viungo vya jikoni ndani ya rejeta. Vinavyoziba tundu huziba pia vijia vyembamba vya kupozea, na injini huchemka mbele ya safari.

Oili chafu iliyomwagwa iwekwe kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Tukiimwaga mtaroni, mvua huichukua. Mfereji wa Nakivubo unaopita katikati ya Kampala huishia kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, na katika ghuba hiyohiyo, upande wa Ggaba, ndiko jiji linakochota maji ya kunywa.

BREKI ZIKIKUSHINDA UKIWA NJIANI

Usizime injini na usiweke gia huru. Kanyaga na kuachia pedali haraka mara kadhaa. Huenda mafuta yaliyobaki yakajenga shinikizo kidogo. Shusha gia hatua kwa hatua ili injini ivute gari. Vuta breki ya mkono taratibu, kwani katika magari mengi hutumia waya wake wenyewe usiotegemea mafuta; ukiivuta kwa ghafla magurudumu ya nyuma yataserereka. Washa taa za tahadhari, piga honi bila kukoma, na utafute mwinuko, ukingo wa udongo au shamba lililo wazi. Gari likisimama, watoe abiria upande usio na magari, na upige simu polisi kwa namba 999 au 112.

WAJIBU WA KILA MMOJA WETU

Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 hairuhusu gari lenye ubovu wa hatari kuwa barabarani, na askari anaweza kulizuia. Wengi hulichukia zuio hilo kwa kuwa siku ya kazi inapotea. Nawaomba wenye magari walipime kwa namna nyingine: dereva anayekuambia "bosi, gari linavuja" asionekane mvivu, wala asikatwe hesabu ya siku kwa kulipeleka gereji. Dereva wa lile kamunye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hesabu ya kupeleka jioni, na chupa ya mafuta ya breki ilikuwa rahisi kuliko siku moja ya kulala bila kazi.

Konda, wewe ndiwe unayezunguka gari mara nyingi kuliko mtu yeyote. Inama. Abiria, ukiona unyevu kwenye ukuta wa ndani wa tairi, uliza kabla ya kupanda, na ukijibiwa "ni maji tu", omba mtu aliguse. Nanyi askari wenzangu mnaosoma jarida hili, ukaguzi wa leseni na idadi ya abiria ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko chini ya gari, na haimalizi dakika mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari limelala uani. Asubuhi unakuta doa la kijani chini ya rejeta, nyumbani kuna watoto wadogo. Utafanya nini kwanza, na utatafuta nini baadaye?

2. Kiwango cha mafuta ya breki kimeshuka mara mbili ndani ya wiki moja, lakini pedali bado ina nguvu. Kwa nini nguvu hiyo isikutulize?

3. Fundi anakushauri afunge mrija wa gurudumu moja "mpaka upate pesa ya silinda". Mjibu kwa sababu mbili.

4. Unaona doa la oili chini ya katikati ya injini. Utaanzia wapi kutafuta chanzo, na kwa nini?

Yajadilini majibu yenu kwenye vikao vya Polisi Jamii, stendi na gereji. Kadibodi moja ya dukani yatosha kuanza, na usiku wa leo unafaa. Mama yule wa vitunguu hukutana nami mara mojamoja niendapo Mbale. Husalimia kwa ukarimu, nami humwamkia nikiitazama fimbo yake, nikilikumbuka doa ambalo sikuliinamia.